Nyakanga Mbili na Mstari wa Mvua

Wanangu makarani,

Juzi mmoja wenu alinipigia simu kutoka ofisini Ngara. Simtaji jina, maana alianza na shikamoo na swali lake lilikuwa la haki. Alikuwa anaingiza fomu za zamani kwenye kompyuta, akafika mstari wa saba, akakwama. "Mama Skola," akaniuliza, "hii fomu ni ya watoto waliopoteana na wazazi wao. Kuna jina, kuna umri, kuna mahali, kuna mwezi. Halafu kuna mstari umeandikwa 'Mvua'. Sasa mvua inaingiaje hapa? Tunatengeneza fomu mpya, tunataka kuuondoa." Nikamwambia asiuondoe kwanza, anipe wiki moja niwaandikie wote.

Mstari huo niliuweka mimi. Sikutumwa na mtu na sikupewa barua ya pongezi. Mwanzoni niliuandika kwa mkono kwenye kila fomu, moja moja, mpaka wakubwa wakachoka kuniuliza, wakauchapisha. Nimefanya mengi ya kujivunia katika ukarani, na nitayasema bila aibu kwa sababu hamtayasikia kwa mwingine. Sijawahi kupoteza faili. Sijawahi kupokea kuku ili jina la mtu lipande juu ya orodha. Mwandiko wangu mnaujua: herufi zimesimama wima, hakuna iliyomwegemea mwenzake. Lakini mkiniuliza nimeacha nini hapo ofisini, nitawaonyesha mstari wa saba. Umetoka kwenye kosa langu mwenyewe, tena kosa baya.

Miaka ile ya wakimbizi meza yangu ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, ndani ya hema la turubai, upande wa Kasulo. Ninyi mnalalamika mtandao ukikatika nusu saa. Sisi upepo ulikuwa unachukua fomu na kuzipeleka kwenye foleni ya maji, halafu tunaziomba turudishiwe. Nilijifunza kuweka jiwe juu ya kila karatasi, na nilikuwa na mawe yangu maalumu niliyoyaokota mtoni, laini, yasiyotoboa. Wenzangu waliniazima mawe hayo na wengine hawakurudisha. Nawajua.

Mkuu wetu alikuwa Bwana Sospeter, Msukuma wa Sengerema, mtu mpana mwenye sauti ya kuswagia ng'ombe. Moyo wake ulikuwa laini lakini aliuficha kama mtu anayeficha sigara. Yeye ndiye aliyebuni mpango wa maboksi, na lazima niwaeleze mpango huo, maana bila hivyo hamtaelewa jambo lenyewe.

Akija mama aliyepoteza mtoto, tulijaza fomu ya mzazi. Akiletwa mtoto aliyeokotwa njiani, tulijaza fomu ya mtoto. Fomu zote mbili ziliingia kwenye boksi la mwezi ambao watu hao walipoteana. Tulikuwa na maboksi kumi na mawili yaliyokuwa ya biskuti za msaada, kila moja limeandikwa mwezi wake kwa kalamu nene. Kila Ijumaa tulifungua boksi moja baada ya jingine na kulinganisha fomu za wazazi na za watoto zilizomo ndani yake. Hatukulinganisha boksi na boksi. Tungefanya hivyo mpaka leo tungekuwa bado tumeinama.

Mtauliza kwa nini hatukupanga kwa majina. Kwa wageni wetu wale wa Rwanda, na wa Burundi pia, mtoto habebi jina la baba yake. Kila mmoja ana jina lake peke yake, na mtoto wa miaka minne anakwambia anaitwa Kadogo, basi. Umri ulikuwa wa kukisia. Jina la kijiji mtoto halijui. Bwana Sospeter alisema mzazi anaweza kuchanganya kila kitu, lakini mwezi aliompoteza mwanawe hauwezi kumtoka. Alisema kweli. Hawakuusahau. Walioukosea ni sisi tulioandika.

Kuhusu majina ya miezi, mimi nilianza kwa kuchekwa. Ulimi wetu wa Ngara unaipenda r kuliko l, na wiki yangu ya kwanza niliandika "Jurai" kwenye fomu nane. Bwana Sospeter akazishika zote akasimama katikati ya hema. "Skolastika, huyu Jurai ni nani? Andika vizuli." Nikamjibu, "Sawa mkuu, nitaandika vizuri, na wewe utasema vizuri." Hema zima lilicheka, na yeye mwenyewe akacheka mpaka akakaa. Tangu siku hiyo nikawa naweka namba pembeni ya kila mwezi: Julai, wa saba. Kumbukeni hilo. Jina linateleza mdomoni, namba haitelezi.

Siku nyingine mzee mmoja wa Kinyarwanda aliniuliza huyo Julai ni nani hasa. Nikamweleza nilivyofundishwa na masista, kwamba lilikuwa jina la mtawala wa Rumi ya kale, watu wa Ulaya wakaupa mwezi jina lake, Waingereza wakatuletea sisi, tukalitamka tunavyoweza. Mzee akauliza, "Alikuwa na ng'ombe?" Nikasema sijui. "Basi mnauita mwezi mzima kwa mtu ambaye hamjui hata kama alikuwa na ng'ombe," akasema, akachukua kadi yake akaenda zake.

Aliyenisaidia kweli ni Mwalimu Anastazi. Huyu naye alikuwa mkimbizi, mwalimu mstaafu kutoka Rwanda, ng'ambo ya mpaka wa Rusumo, amevaa koti la suti siku zote hata jua likiwa kali. Mimi Mhangaza, kwa hiyo lugha yake niliielewa karibu yote, lakini miezi yao ilinishinda. Mtu anakwambia Gashyantare, anakwambia Ukwakira, na wewe umeshika kalamu hewani. Mwalimu akanionea huruma. Akachukua ubao wa boksi, akapiga mistari kwa rula, akaandika miezi yao yote kumi na miwili upande mmoja na yetu upande wa pili. Kwenye nafasi ya saba akaandika: Nyakanga, Julai.

Alinifundisha hata kuitamka. Ng ile ya kanga, si ng' ya ng'ombe. Bwana Sospeter alikuwa anasema "Nyakang'a", na Mwalimu akawa anamsahihisha kila siku kwa subira ya mwalimu wa darasa la kwanza. Bwana Sospeter akauliza kama ndio mwezi ambao waume wananunulia wake zao kanga. Mwalimu hakucheka. Akaeleza kwamba jina linatoka kwenye neno lao gukanga, yaani kutisha. Mwezi wa saba kwao jua linakausha mpaka visima, mtu akiangalia shamba lake anaogopa. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na babu yake.

Niliibandika orodha ile kwenye nguzo ya hema na niliiheshimu kama misale ya padri. Nilikuwa na haraka kuliko makarani wote. Mtu akitaja mwezi, mimi nimeshaandika kabla hajafunga mdomo. Watu wa meza nyingine walikuja kunitazama ninavyofanya, na mimi nikajifanya sioni.

Mwisho wa mwaka wa tisini na sita Wanyarwanda walirudi kwao, na Mwalimu Anastazi akaondoka nao na koti lake. Aliniaga kwa kunishika mikono yote miwili. Orodha ikabaki kwenye nguzo. Lakini kambi haikubaki tupu, maana Warundi walikuwa wameshaanza kuja kwa wingi, na sisi tukaendelea na meza zile zile, maboksi yale yale.

Warundi nao wana majina yao ya miezi. Wakiniambia Gitugutu au Munyonyo, nilitazama kwenye nguzo, sikuona, nikauliza: huo ni wa ngapi, ni kabla ya Noeli au baada? Nikapata jibu sahihi. Miezi kumi na moja sikuikosea hata mmoja, kwa sababu majina yale yalikuwa mageni kwangu na niliyauliza. Uliopita bila kuulizwa ni ule mmoja niliodhani naujua.

Mwezi wa kwanza, mwaka uliofuata, alikuja mwanamke anaitwa Goreti. Alikuwa na kama miaka ishirini na mitano, amefunga kichwa kwa kitambaa cha bluu, na alisimama mbele ya meza yangu akiwa ameshika kiatu kimoja cha mtoto. Hakukiweka mezani. Aliniambia kwa Kirundi kwamba amempoteza binti yake, Kaneza, wa miaka minne. Watu walikuwa wanakimbia, wakafika kwenye shule moja karibu na mto Ruvubu. Alimwacha mtoto kwenye baraza la shule, juu ya mzigo wa nguo, akarudi nyuma kumfuata mama mkwe wake aliyeshindwa kutembea. Njia ikafungwa na watu wenye silaha. Alijificha, akazunguka, akatafuta upande wa kwao miezi mitatu kabla ya kuvuka kuja kwetu.

"Mwezi gani?" nikauliza.

"Nyakanga," akasema. "Mvua ilikuwa inanyesha kubwa. Nilimwambia akae hapo barazani, angoje mvua ikatike, nitakuwa nimerudi."

Nikaandika: Julai, wa saba. Nikaandika kwa mwandiko ule ule mzuri mnaousifu. Mvua sikuiandika kokote. Fomu haikuwa na nafasi ya mvua, na nyuma ya Goreti foleni ilifika kwenye matangi ya maji. Kama ningeinua kichwa nikafikiri kwa dakika moja tu, ningejiuliza ni mvua gani kubwa hiyo inayonyesha mwezi wa saba katika nchi hii, ambapo Julai hata umande unakuja kwa kubembelezwa. Mimi mtoto wa mkulima wa Murusagamba. Sikujiuliza. Fomu ya Goreti ikaingia kwenye boksi la Julai.

Alikuja kila Alhamisi. Alhamisi ya kwanza alisalimia kwa Kirundi. Baadaye akajifunza shikamoo, na baadaye zaidi akawa ananiuliza kwa Kiswahili kabisa, "Mama karani, reo kuna habari?" Nikamjibu, "Bado, mama." Kiswahili chake kilikua hapo mbele ya meza yangu, wiki baada ya wiki, kwa neno langu hilo la bado. Nilikuwa namwonea huruma, na nikirudi nyumbani namwombea. Sikuwa na habari kwamba anayemzuia mtoto wake ni mimi.

Maana Kaneza alikuwepo. Aliletwa na lori mwishoni mwa Septemba, akapokelewa na karani mwingine aliyeandika tarehe ya kalenda: Septemba, wa tisa. Fomu yake ilikuwa kwenye boksi la Septemba, hatua tatu kutoka kwenye kiti changu. Mtoto mwenyewe alikuwa amepewa mama wa kumlea katika kambi nyingine, upande wa kuelekea Biharamulo.

Mwezi wa tano likatoka agizo. Watoto ambao hawajadaiwa na mtu kwa muda ule wote wangepelekwa kwenye kituo cha watoto, mbali sana, mkoa mwingine kabisa. Lori lingeondoka Jumatano. Mtoto akishaondoka na lori lile, faili lake linamfuata, na huku kwetu boksi linafungwa. Bwana Sospeter alisoma majina kwa sauti bila kututazama. Moja ya majina hayo lilikuwa "Neza", umri kama miaka minne. Nililisikia. Nikaliandika kwenye orodha ya lori kwa mkono wangu.

Jumamosi ile niliomba ruhusa nikaenda Murusagamba kumsaidia mama yangu maharage. Mama alikuwa mtu wa maneno machache na mkono mzito, na hakupenda ukarani wangu. Alisema kazi ya kukaa inaharibu mgongo. Tulikuwa uani tunapura, vumbi limetujaa puani, akalalamika kwamba siku hizi simsaidii kupanda.

"Nitakuja Julai, nikipata likizo," nikamwambia, nikitaka kumfurahisha. Halafu kwa kujionyesha kwamba sijasahau mambo ya nyumbani nikaongeza, "Nyakanga nitakuwa hapa."

Akaacha kupura. "Sema moja. Julai au Nyakanga?"

"Si ndiyo hiyo hiyo, mama?"

"Nani kakwambia?"

"Iko kwenye orodha ofisini."

"Hiyo orodha inapanda maharage kwenye vumbi?" Akaweka fimbo chini, akaanza kunihesabia kwa vidole kama nina miaka sita. "Ruheshi, wa sita. Mukakaro, wa saba, ardhi imekakamaa, jembe haliingii. Myandagaro, wa nane. Nyakanga, wa tisa. Ndipo tunapanda. Mwana wanje, mwanangu wewe, masista walikufundisha nini huko?"

Ndiyo, wanangu. Sisi Wahangaza na Warundi tunaihesabu miezi karibu sawasawa, na Nyakanga yetu ni Septemba. Nyakanga ya Wanyarwanda ni Julai. Jina moja, herufi zile zile, ng ile ile ya kanga, na katikati yake miezi miwili. Mimi nilipelekwa bweni nikiwa mdogo, nikajifunza kusema Januari, Februari, na miezi ya mama nikaiacha hapo uani na kuku. Halafu nikaja kufundishwa Nyakanga na mgeni, nikadhani nimeongeza elimu.

Nikamuuliza mama kwa nini unaitwa hivyo. Akasema ni mawingu. Mwezi huo yanakuja meusi, yanakutisha, unakimbiza vitu ndani, halafu yanapita bila kitu. Yanatisha tu, kila siku yanatisha. Kisha siku moja hayapiti, mvua inashuka kwelikweli. Kwa Mwalimu Anastazi kinachotisha ni jua, kwa mama yangu ni mawingu. Mimi ni karani, si mtaalamu wa lugha, sitaamua kati yao. Nawapa zote mbili kama nilivyozipokea.

"Hata wewe nilikuzaa Nyakanga," mama akaendelea. "Mvua ya kwanza ilininyeshea njiani."

Cheti changu cha ubatizo kinasema Julai. Katekista aliyekijaza alikuwa ametoka ng'ambo ya Rusumo. Kwa hiyo mjue kwamba serikali imenistaafisha miezi miwili kabla ya siku zangu, na mkinitumia salamu za kuzaliwa mwezi wa saba huwa sijibu kwa sababu sijazaliwa bado. Leo nalisema kwa kucheka. Siku ile sikucheka, kwa sababu mama aliposema mvua ya kwanza, nilimwona Goreti amesimama mbele ya meza yangu na kiatu, akisema mvua ilikuwa inanyesha kubwa.

Niliacha maharage pale pale. Mama akaniita, sikugeuka. Magari ya njia ile mnayajua. Nilitembea sehemu kubwa Jumapili, na Jumatatu asubuhi nilikuwa hemani kabla ya Bwana Sospeter, miguu imevimba.

Nilimweleza akiwa bado amesimama. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo kila Mrundi aliyesema Nyakanga tumemtupa Julai," akasema.

"Ndiyo, mkuu."

"Na kosa ni la nani?"

Ningeweza kusema ni la orodha. Ningeweza kusema ni la Mwalimu Anastazi, ambaye ameshaondoka na hana wa kumtetea. Lakini orodha ya Mwalimu ilikuwa sahihi kwa watu wake. "Ni langu," nikasema.

"Liandike kwenye lipoti."

"Nimeshaliandika, mkuu." Nikampa karatasi.

Hakuisoma. Alivuta boksi la Julai mwenyewe, akalimwaga mezani, akasema, "Haya, halaka." Tukachambua fomu za Warundi, tukazitia kwenye boksi la Septemba, tukaanza kulinganisha. Haikufika hata saa moja. Fomu ya mtoto ilisema: anajiita Neza, kovu la jembe kisigino cha kulia, alikutwa barazani kwa shule, amekalia mzigo wa nguo, alikataa kuinuka, ikabidi abebwe. Fomu ya mama ilisema: Kaneza, kovu kisigino cha kulia, aliachwa barazani kwa shule. Fomu hizo mbili zilikaa hatua tatu tu kati yao tangu mwezi wa kwanza. Nikaziweka pamoja chini ya jiwe langu moja. Bwana Sospeter alitoka nje, akarudi na funguo za gari.

Nikaenda kumtafuta Goreti kwenye vibanda vyao. Alikuwa anaosha sufuria. Aliponiona alisimama ghafla, maji yakamwagika miguuni.

"Mama karani," akasema taratibu, "reo si Alhamisi."

Makosa nimeyafanya, na aibu nimeiona, lakini sijawahi kupata kazi ngumu kama kumwambia mwanamke yule maneno mawili ya furaha, mtoto amepatikana. Nilimwambia pia ukweli wote, kwamba mwezi niliukosea mimi. Nilitaka ajue kabla ya kupanda gari. Alinitazama. "Twende," akasema, na hilo tu.

Jumanne asubuhi tulikuwa kwenye kambi ile ya barabara ya Biharamulo. Mama mlezi alikuwa ameshamnyoa mtoto na kumfungia nguo zake kwa safari ya kesho yake. Kaneza alikuwa amekaa juu ya kifurushi hicho, mlangoni. Goreti hakukimbia wala hakupiga kelele. Alichuchumaa hatua chache mbele yake, akatoa kile kiatu, akakiweka chini kati yao. Kilikuwa kimeshakuwa kidogo kwa mguu wa mtoto.

Mtoto alikitazama kiatu, kisha akamtazama mama yake muda mrefu. Tulidhani amemsahau. Halafu akasema kwa Kirundi, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa, maneno ambayo sikuhitaji mkalimani kuyaelewa:

"Mvua ilikatika. Nikangoja. Hukuja."

"Nimekuja," Goreti akasema.

Mtoto akashuka kwenye kifurushi. Bwana Sospeter, pamoja na upana wake wote, alienda kujificha nyuma ya gari. Mimi nililia mbele za watu na sikujali.

Katika boksi lile la Septemba tulipata na wazazi wengine kabla ya lori kuondoka, na Goreti alikuja Alhamisi iliyofuata kama kawaida yake. Nikaogopa kuna tatizo. Alikuja kusalimia tu, akamwambia Kaneza aniamkie, na Kaneza akasema shikamoo kwa r mahali pasipo na r yoyote.

Siku ile nililifunga faili lao. Kwenye nafasi ya mwezi nilifuta Julai kwa mstari mmoja, nikaacha lisomeke, ili kila mtu aone nilichokosea. Juu yake nikaandika: Septemba, wa tisa, Nyakanga ya Kirundi. Chini ya mstari wa sita palikuwa na nafasi nyeupe kidogo. Nikapiga mstari kwa rula, kama Mwalimu Anastazi, nikaandika: Mvua. Mbele yake nikajaza alichosema mtoto.

Faili hilo lipo kabati la pili hapo ofisini, rafu ya chini. Kalisomeni kwanza, halafu mtaamua kuhusu fomu yenu mpya.